Mtu unayemhoji alishahojiwa kabla yako

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, wanafunzi huja na karatasi zao za maswali. Imeshajulikana kwamba nilisoma Wuhan na kwamba naongea na Wachina bila mkalimani, kwa hiyo kila mwenye TFC au memwari, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, inayowagusa Wachina wa Lubumbashi anataka nimpitishie macho. Napitisha. Ukurasa wa kwanza: umri, jinsia, mkoa alikozaliwa. Wa pili: "Je, utamaduni wa Kichina unatofautiana na wa Kikongomani? Sana, kiasi, hapana." Wa tatu: "Je, unaheshimu mila za mababu zako?" Nikifika hapo naweka kalamu chini. Nani mwenye akili zake atamjibu mtu asiyemjua, mbele ya wafanyakazi wake, kwamba mababu zake hawaheshimu?

Ingekuwa swali moja tu ningelirekebisha tukaendelea. Lakini wanafunzi wengi wanadhani jibu tayari lipo, limekamilika, linangoja tu mwenye kuuliza. Mimi, kwa miaka niliyokaa na Wachina, kwao na hapa kwetu, nimeshika neno moja: hakuna anayehojiwa kwa mara ya kwanza. Kabla yako walishapita mwalimu, karani wa kazi, polisi, padri, mtu wa ONG, yaani shirika lisilo la kiserikali. Kila mmoja alimzoeza mtu huyo namna ya kujieleza, nini kitangulie, nini kifuate, nini kisitajwe. Ukibonyeza kitufe cha kurekodi, kinachotoka kwanza ni mazoezi hayo.

Nianzie nyumbani, maana huko ndiko nilikoliona jambo hili kabla ya kuijua China.

Baba yangu ni mzee wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, mstaafu wa migodi. Watafiti wameshapita kwake, maana wazee wa rika lake wamebaki wachache na nyumba yake haiko mbali na balabala. Simu ya kurekodi ikiwekwa mezani, baba anakuwa mtu mwingine. Anafunga kifungo cha juu cha shati. Anataja jina lake lote, kisha matrikule yake ya kazini, tarakimu moja moja, kisha mwaka alioingia, karakana, jina la mkuu wa karakana, daraja alilopanda. Kiswahili kinapungua, Kifaransa kinaongezeka. Mtafiti anafurahi: tarehe zote, majina yote! Anamaliza soda yake, anashukuru, anaaga. Siku moja, mgeni amekwisha kuondoka, nikamuuliza baba mbona hakutaja ile miaka tuliyokula mara moja kwa siku. Akanishangaa.

"Aliuliza kazi, nikamupa kazi. Njala hakuuliza."

Na hata angeuliza, sidhani kama angeipata siku ile. Matrikule, mwaka, karakana, daraja: huo ni mpangilio wa faili la ofisi ya wafanyakazi. Baba alijieleza hivyo mbele ya makarani maisha yake yote ya kazi, na mbele ya kijana mwenye kalamu na daftari aliona karani mwingine. Mtafiti alitaka maisha ya mtu, akaondoka na faili lililosomwa kwa sauti na mwenyewe.

Huu mji wetu una historia ndefu ya mambo haya, na huwa inaniuma wanafunzi wanapoiruka wakikimbilia vitabu vya mbinu vilivyoandikwa ng'ambo. Mwaka 1965, hapa hapa Elisabethville ya wakati ule, watu waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu walitoa historia ya mji kwa Kiswahili chao, ikaandikwa na André Yav. Hakuna profesa aliyewatuma. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, wakapitia picha zake za historia ya nchi moja baada ya nyingine, zaidi ya mia moja, kwa Kiswahili cha Katanga. Na tangu 2000 UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, imekuwa na kazi ya kumbukumbu za Lubumbashi, pamoja na wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu, ambao wamekusanya masimulizi ya wakaaji wa kawaida wa mji. Anayetaka kujifunza kuhoji Wachina ana walimu hapa hapa Kasapa, kwenye kampasi yetu, hata kama hawajui neno moja la Kichina. Mumwangalie Fabian na Tshibumba: katikati yao palikuwa na picha. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa China. Huko jambo hili lina uzito wake, kwa sababu huko dola yenyewe ilifundisha watu kusimulia maisha yao.

Wakati wa kugawa upya mashamba, kuanzia 1946 hadi miaka ya mwanzo ya 1950, makada wa Chama cha Kikomunisti waliitisha mikutano ya kijiji iliyoitwa suku, yaani kutema uchungu. Maskini alisimama mbele ya mwenye shamba na mbele ya kijiji kizima, akaeleza njaa, viboko, deni, mtoto aliyeuzwa. Makada waliwaandaa wasemaji mapema. Walitafuta ni nani mwenye uchungu mzito zaidi, wakamsaidia kuupanga: kwanza mateso, halafu aliyeyasababisha, halafu ukombozi. Katika miaka ya 1960 yakaja mafunzo mengine, ya kukumbuka uchungu wa zamani ili kuonja utamu wa leo. Wazee waliletwa shuleni kusimulia, na watoto wakala chakula cha pumba na majani ya porini ili midomo yao ijue maisha ya zamani.

Kizazi kizima kilikulia humo. Kwa hiyo unapomhoji mzee wa kijijini China juu ya utoto wake, mara nyingi utapewa mpangilio ule ule: kabla ya 1949, mwaka Chama kiliposhika nchi, uchungu, baada ya 1949 utamu. Hasemi uongo. Njaa ya zamani ilikuwa ya kweli na viboko vilikuwa vya kweli. Lakini mpangilio ni wa mkutano. Watafiti wameandika pia juu ya wazee waliopotoka katika mikutano hiyo: mtu anasimama kusimulia njaa ya enzi za kale, anachangamka, machozi yanatoka, halafu wasikilizaji wanagundua kwamba njaa anayoisimulia ni ya 1959 hadi 1961, ile iliyofuata Hatua Kubwa Mbele, kampeni ya Mao ya kuharakisha uchumi, wakati Chama kilikuwa tayari madarakani. Msomi wa sosholojia Guo Yuhua, aliyekusanya masimulizi ya wanakijiji wa kaskazini mwa Shaanxi, ameichunguza sana hali hii ya mateso ya mtu binafsi kuchukuliwa na kupewa maana ya taifa.

Haya nilikuwa nimeyasoma. Kisha nikayasikia hapa Lubumbashi, ndani ya ofisi ya kontena yenye klimatizasheni iliyowekwa baridi kupita kiasi.

Mzee niliyekuwa nikimhoji ni fundi wa kuyeyusha madini, mzaliwa wa 1958, kutoka mji wa migodi wa kaskazini-magharibi mwa China. Alikwisha kustaafu kwao, akaitwa tena kutoa ushauri katika kampuni moja ya huku. Namwita Shifu, kama wafanyakazi wa viwandani kwao wanavyomwita aliyebobea katika kazi. Mwanzoni nilitaka anieleze sikukuu za kwao, ndoa, maziko, mambo ya kawaida ya mtu anayesoma utamaduni. Akanipa, kwa mpangilio: mwaka aliozaliwa, shule, mwaka aliopelekwa shambani kama vijana wa wakati ule, mtihani wa chuo kikuu uliorudishwa mwishoni mwa 1977 (watu zaidi ya milioni 5 waliufanya, waliopata nafasi hawakufika laki 3, na yeye alikuwa mmoja wao, hapo alitabasamu kidogo), mwaka wa kuajiriwa, mwaka wa cheo. China kila mfanyakazi wa mjini alikuwa na faili lake, dang'an, ambalo lilimfuata kazini na ambalo mwenyewe hakuruhusiwa kulifungua. Nilimsikiliza nikamwona baba na kifungo chake cha shati.

Sikuwa na swali zuri zaidi mfukoni. Nikamweleza tu kwamba mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa migodi, na kwamba zamani kampuni za huku zilitoa nyumba, hospitali, shule na mposho: unga wa mahindi, samaki mkavu, mafuta, maharage. Shifu akaweka kikombe cha chai chini. Unga kilo ngapi kwa mtu mzima? Na kwa mtoto? Aliyekwenda kuchukua ni baba au mama? Mtu akikosa kazi siku moja, mposho ulikatwa? Nyumba ilibaki kwa mjane? Kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa akihoji na mimi ndiye niliyekuwa nikijibu, na nilitokwa jasho maana mengine ilinibidi nimpigie mama simu.

Baada ya hapo maneno yakafunguka. Mji wake mzima ulikuwa wa kampuni, danwei, kama mitaa ya wafanyakazi hapa ilivyokuwa. Kampuni ilikupa kitanda hospitalini, ikampokea mtoto wako shuleni, ikaidhinisha hata ndoa yako. Nafaka ilinunuliwa kwa kuponi, zilizoanza 1955 na kufutwa 1993. Kulikuwa na kuponi za mkoa na kuponi za taifa zima, na ukienda mkoa mwingine na kuponi za kwenu ulilala njaa na fedha mfukoni. Alipokwenda chuoni, mama yake alimshonea kuponi za taifa ndani ya pindo la koti. Hilo lilikuwa jambo dogo mno kuwemo katika faili lolote, na alilieleza akionyesha kwa vidole pindo lilikuwa upana gani.

Ndipo akanieleza juu ya bibi mmoja aliyeletwa shuleni kwao kutema uchungu. Watoto walikuwa wamekaa sakafuni. Bibi akaanza vizuri, kwa mwenye shamba na deni la ngano. Halafu akaingia katika hadithi ya kupika maganda ya miti, akamtaja mtoto wake aliyekufa, na mwalimu akaanza kuhesabu miaka ya mtoto yule kichwani. Mwalimu aliinuka akaanzisha wimbo. Watoto wakaimba, bibi akashukishwa jukwaani. Shifu alicheka aliponisimulia, kisha akasema kwamba mama yake mwenyewe hakucheka alipofika nyumbani kumweleza. Alimwambia anyamaze, ale.

Sisemi kwamba mposho ni ufunguo wa kila Mchina. Kwa huyu ulifaa, kwa sababu alipata kujua anazungumza na nani. Tulifika hata kwenye miaka ya mwisho ya 1990, pale viwanda vya serikali China vilipopunguza wafanyakazi kwa makumi ya mamilioni, nami nikamweleza juu ya wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali yetu, walioondoka 2003 na 2004 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Alichouliza kilikuwa kimoja: mwaka mmoja wa kazi ulihesabiwa kwa fedha ngapi? Kwao pia miaka ya kazi ilinunuliwa kwa mkupuo. Kama ningetaka sura ya memwari juu ya utamaduni wa mji wa kiwanda, ningeanzia kwenye swali lake hilo.

Wanafunzi huniambia: asistanti, sisi si watoto wa migodi wote, na Wachina wengine ni wafanyabiashara, tuingie kwa mlango gani? Mlango wenyewe ni mtu. Katika sosholojia ya China mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Fei Xiaotong. Mwaka 1935 alikwenda na mke wake, Wang Tonghui, kwenye milima ya Wayao, kabila la kusini mwa China, huko Guangxi. Fei alinaswa katika mtego wa chui-milia, mke akatoka kutafuta msaada, akafa njiani. Mwaka uliofuata, akiwa bado anapona, alikwenda kupumzika kijiji cha Kaixiangong, mkoa wa Jiangsu, ambako dada yake, Fei Dasheng, alikuwa amewasaidia wanakijiji kuanzisha kiwanda cha hariri cha ushirika. Hakwenda na mpango wa utafiti. Lakini wanakijiji walimjua dada yake, walimwamini, na lahaja yao aliielewa. Katika muda wa miezi miwili hivi ya kiangazi cha 1936 alikusanya habari ambazo baadaye alizipeleka London kwa mwalimu wake Malinowski, mwanaanthropolojia, zikawa kitabu 1939. Watu humsifu Fei kwa akili yake, na ni haki. Mimi huwasifia wanafunzi dada yake.

Fei huyo huyo ndiye aliyeandika baadaye kwamba uhusiano wa watu wa China umekaa kama viwimbi vya maji yaliyorushiwa jiwe: kila mtu yuko katikati ya duara zake, na zinafifia kadiri zinavyokwenda mbali. Ukija na barua ya chuo yenye muhuri, uko nje ya duara zote. Utapokelewa kwa adabu, utapewa maji ya moto, na utaambiwa kwamba China ina historia ya miaka elfu tano.

Mimi pia niliingia kwa dada. Dada yangu mdogo huuza mabeseni na ndoo katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na hununua kwa jumla kutoka magazini ya mama mmoja wa Fuqing, mkoa wa Fujian, ambaye wateja wote humwita Madamu. Nilipomwomba anipeleke, hakukubali mara moja. Aliniambia wazi: "Ukimukasirisha ule Madamu, njo mi nitalipa bei." Alikuwa na haki. Alikuwa ananikopesha jina ambalo limempa punguzo na mkopo wa wiki mbili, na vitabu vya mbinu havisemi mtafiti arudishe kitu gani kwa mkopo wa namna hiyo. Tulikubaliana kwamba siku za mzigo kuingia sitakanyaga pale, kwamba sitauliza juu ya ushuru wala bei, na kwamba akiniambia toka, natoka.

Nilimkuta Madamu nyuma ya kaunta, na nyuma yake, juu ya rafu, Mazu katika kisanduku chekundu chenye taa mbili ndogo za umeme. Mazu ni mlinzi wa mabaharia wa pwani ile, na asili ya ibada yake ni kisiwa cha Meizhou, si mbali na Fuqing. Nilipomuuliza moja kwa moja juu ya imani yake, Madamu alisema ni desturi tu, watu wa kwetu wote wanayo, hakuna la kueleza. Sikubisha. Lakini mbele ya Mazu palikuwa na maembe matatu. Nikauliza kwa nini maembe. Akasema machungwa ya Afrika Kusini yamepanda bei, na mbele ya mungu haliwekwi tunda lililonyauka. Afadhali embe zuri la Katanga kuliko chungwa lililochoka. Basi, je, mama yake huko Fuqing angekubali embe? Hapo akacheka, akamwita mtoto wa kazi alete kigoda, akaanza. Mama yake angegomba. Mama yake ndiye aliyebeba majivu ya uvumba kutoka hekalu la kijiji, yakafungwa ndani ya kitambaa na kupita viwanja vya ndege. Umeme ukikatika na taa zikazimika huwa anawasha mshumaa, si kwa ajili ya wateja. Aliendelea hivyo huku akihesabu mabeseni na kuniachia mimi kumshikia karatasi ya hesabu.

Ndiyo maana nilisema nitarudi kwa Tshibumba na picha yake. Weka kitu katikati. Mtu aliyezoezwa kujieleza ana maneno tayari juu ya "utamaduni", "imani", "familia". Juu ya maembe matatu hana maneno tayari, inambidi ayatafute. Kuponi ndani ya pindo la koti hazimo katika hotuba ya mtu yeyote.

Nitaje hapa jambo linalonikera kidogo: vikao vya pamoja. ONG zimetuzoeza kukalisha watu kumi katika duara na kuwagawia soda. Mao mwenyewe alipofanya uchunguzi wake Xunwu, Jiangxi, mwaka 1930, mwaka ule ule alioandika kwamba asiyechunguza hana haki ya kusema, alikusanya vikundi vidogo na kuandika kwa mkono wake. Matokeo ni ajabu kwa habari za soko: nani anauza chumvi, nani mafuta, mafundi miavuli, vinyozi, watengeneza tofu. Kwa bei na hesabu, kikao ni kizuri, maana mmoja akikosea mwenzake humsahihisha. Kwa habari za mama mkwe, hapana. Wakalishe Wachina watano wa kampuni moja na mkubwa wao akiwepo, utasikia sauti moja na utaona vichwa vinne vikitikiswa.

Kuna pia suala la wasiokuwepo. Katika miaka ya 1960 na 1970 wageni hawakuruhusiwa kufanya utafiti ndani ya China, kwa hiyo wasomi walikaa Hong Kong na kuwahoji waliotoka bara. Kituo kimoja cha kuwahudumia wasomi hao kilifunguliwa huko 1963. Anita Chan, Richard Madsen na Jonathan Unger walijenga hivyo picha ya kijiji kizima cha Guangdong kwa kuwahoji waliokihama, na kazi yao bado inaheshimiwa. Lakini walijua, na waliwajibika kupima kila mara, kwamba aliyeondoka si sawa na aliyebaki. Wachina wa Lubumbashi wote ni watu walioondoka. Madamu akiniambia "kwetu tunafanya hivi", nampa uzito wa mtu anayeikumbuka Fuqing akiwa nyuma ya kaunta karibu na soko la Kenya, huku mtoto wake akilelewa na bibi.

Upande wa karatasi nitakuwa mfupi. Kamati za maadili ya utafiti zinataka sahihi ya anayehojiwa. Waliopitia Mapinduzi ya Utamaduni ya China, 1966 hadi 1976, wanajua karatasi yenye sahihi yako inaweza kwenda wapi, na wazee wetu hapa nao si wageni wa hofu hiyo. Mimi husoma ruhusa kwa sauti, wakajibu kwa sauti, ikabaki ndani ya rekodi. Asiyetaka kurekodiwa, naandika. Asiyetaka niandike, nakunywa chai naye. Na WeChat imenisaidia kuliko nilivyotarajia. Ujumbe mmoja wa sauti hauzidi sekunde 60, kwa hiyo Shifu hunitumia kumbukumbu zake vipande vipande, usiku, zingine zimekatika katikati ya neno. Kila kipande kina kichwa na mkia wake, na vingi ni masahihisho: "Jana nilikuambia kaka alikuwa jeshini. Hapana, alikuwa bado hajaenda." Katika kontena asingejisahihisha hivyo.

La mwisho ni miaka, na hapa namshukuru mwanahistoria Gail Hershatter. Yeye pamoja na Gao Xiaoxian, mtafiti wa Shaanxi mwenyewe, waliwahoji wanawake wazee 72 katika vijiji vya mkoa huo, mmoja akisikiliza kama mgeni na mwingine kama mtu wa nyumbani. Waligundua kwamba kampeni za serikali, ambazo kwenye vitabu ndizo kalenda, wanawake wengi hawakuzitumia kupanga kumbukumbu zao. Walihesabu kwa watoto, na kwa mnyama ambaye kalenda ya Kichina huupa mwaka ambao mtoto alizaliwa.

Tangu nisome hilo simuulizi mwanamke wa Kichina "mwaka gani". Namuuliza alikuwa amembeba nani. Nikajaribu kwa mama yangu, Katuba, ambaye watafiti waliokuja kwa baba hawakuwahi kumwekea simu mezani. Walimwomba maji ya kunywa tu. Mama hajui tarehe ya uporaji wa 1991. Lakini alikuwa ananyonyesha mdogo wangu wa tatu, na anakumbuka ni nani aliyepita kwenye balabala amebeba friji mgongoni, na kwamba friji hiyo haikuwahi kufanya kazi. Nikimwachia, anafika hadi bei ya unga wa wiki ile, bila mtu kumuuliza.

Kwenye maandishi ya rekodi usigeuze mara moja "mwaka wa Mbwa" kuwa 1958, wala "nilikuwa nanyonyesha" kuwa 1991. Acha maneno yalivyo, weka mwaka pembeni, katika safu yake, na alama ya kuuliza pale unapokisia. Mara nyingine mnyama na mwaka havilingani, na hapo ndipo pa kurudi kuuliza tena.

Wenye memwari mwaka huu: nipo Kasapa siku za Jumatano asubuhi. Karatasi ya maswali iacheni nyumbani kwanza. Nileteeni jina la mtu atakayewapeleka, na mje mmejiandaa kunieleza mtakachomwambia Mchina wenu akianza yeye kuuliza, maana ataanza na mshahara wa baba yenu.